Nani Mwingine Yumo Ndani ya Akaunti Yako? (Sehemu ya Pili)

Mtu akishuku kwamba kuna mwingine anasoma ujumbe wake, kwa kawaida hukimbilia kubadili nywila, kisha moyo unatulia. Kubadili nywila ni jambo jema, ila hakumwambii kama kuna aliyeingia, na mara nyingine hakumtoi aliyekwisha kuingia. Nywila huulizwa mlangoni tu. Ukishapita, kifaa chako hupewa tokeni, yaani kitambulisho cha siri kinachokuwezesha kurudi kesho bila kuulizwa tena. Uzito wa tokeni hiyo ulionekana tarehe 28 Septemba 2018, Facebook ilipotangaza kwamba wadukuzi walipenya kupitia kasoro katika sehemu inayomwezesha mtu kuona ukurasa wake jinsi wengine wanavyouona. Kwanza zilitajwa akaunti milioni 50, baadaye hesabu ikashushwa hadi takriban milioni 30. Nywila hazikuibwa, zilizoibwa ni tokeni. Ndiyo maana kampuni ilizifuta tokeni za akaunti zipatazo milioni 90, zikiwamo zilizofutwa kwa tahadhari tu, na wenye akaunti wakalazimika kuingia upya.

Kwa hiyo cha kuchunguza ni orodha ya vifaa vilivyomo ndani. Chukua WhatsApp, ambayo kwa matumizi ya kila siku haina hata nywila ya kubadili. Ajuaye namba ya kufungulia simu yako anahitaji dakika moja tu: anafungua sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, anaielekeza kamera kwenye msimbo wa QR ulioko kwenye kompyuta yake, anakurudishia simu. Tangu mfumo wa vifaa vingi ulipoanza kusambazwa mwaka 2021, kompyuta hiyo hupokea ujumbe hata simu yako ikiwa imezimwa, na vifaa vya namna hiyo vinaweza kufika vinne. Fungua sehemu hiyohiyo usome kila mstari. Ukikuta kivinjari cha Windows na wewe huna kompyuta, au kifaa kilichotumika saa nane usiku ulipokuwa umelala, huhitaji fundi wa kukufafanulia.

Kuna watakaosema kwamba orodha hizi zinadanganya, na wana sababu. Facebook na Instagram huonyesha pia mahali, na mtu aliye Mwanza anaweza kuona kwamba ameingia akiwa Dar es Salaam, akatishika bure. Mahali hapo hukisiwa kutokana na anwani ya intaneti, na kampuni za simu hupitisha wateja wa mikoa mingi kwenye malango machache. Kosa hilo lina upande wa pili usiosemwa sana: anayekuchungulia kwa Wi-Fi ya nyumba mnayoishi pamoja ataonekana yuko mahali ulipo wewe. Ndiyo sababu aina ya kifaa na saa ya matumizi nazipa uzito mkubwa kuliko jina la mji.

Pingamizi zito zaidi ni hili: je, orodha ikiwa safi, niko salama? La. Aliyetumia simu yako mwenyewe haongezi kifaa kipya, na aliyeingia akatoka anaweza asionekane tena. Orodha inaweza kumtia mtu hatiani, lakini haiwezi kumsafisha. Hapo tazama alichobadilisha: barua pepe na namba ya simu ya kurejeshea akaunti, mazungumzo yaliyofichwa kwenye kumbukumbu, na katika barua pepe, kanuni ya kupeleka nakala kwa anwani usiyoijua. Barua pepe isisahaulike, kwani mwenye funguo zake anaweza kuomba nywila mpya za karibu akaunti nyingine zote.

Ukigundua kifaa cha mgeni, usikimbilie kukiondoa. Piga picha ya skrini kwanza, jina la kifaa na saa vionekane, kwa sababu ukishakitoa mstari huo huweza kupotea usiupate tena. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015, na ile ya Kenya ya 2018, zote zinahesabu kuingia bila idhini kuwa kosa, na atakayepokea malalamiko yako atataka kujua ni kifaa gani na saa ngapi. Kisha kitoe, badili nywila, na namba ya kufungulia simu pia.