KUTOTOLESHA VIFARANGA NYUMBANI: Mambo ambayo muuza mashine hakuambii

Siku hizi matangazo ya mashine za kutotolesha vifaranga yako kila kona: weka mayai, subiri siku 21, anza kuhesabu pesa. Na wanaolengwa ni sisi vijana tuliomaliza shule tukabaki mtaani. Mtu anakopa kwa mama, anauza simu, ananunua mashine ya mayai 60, mwisho wa siku anaambulia vifaranga 6. Akirudi kwa muuzaji anaambiwa "mayai yako mabovu". Inawezekana ni kweli, inawezekana kaingizwa mjini. Ubaya ni kwamba mwenyewe hana namna ya kujua.

So leo tuelezane yai linakuwaje kifaranga, hatua kwa hatua. Ukiielewa hii, mambo yakiharibika utajua kosa limetokea wapi, na hakuna atakayekupiga changa la macho.

1. YAI LENYEWE
Yai la kisasa la trei unalonunua dukani halitotoi, hata uliweke kwenye mashine ya mamilioni. Kuku wa mayai wanafugwa bila jogoo, kwa hiyo yai halina mbegu. Tafuta mayai kwenye banda lenye jogoo, na jogoo mmoja anatosha matetea 10 hivi. Tetea akishapandwa, mbegu inakaa mwilini mwake kama wiki mbili, ndiyo maana hata jogoo akichinjwa leo, mayai ya kesho na keshokutwa bado yanaweza kutotoa.

Chagua yai la wastani, lisilo na ufa, ganda laini. Lenye kinyesi kingi kula, usitotoleshe. Usioshe mayai jamani! Ganda lina vitundu vidogo sana vilivyofunikwa na utando, ukiosha unautoa utando na vijidudu vinapata njia ya kuingia.

Yai lisizidi siku 7 tangu litagwe. Hapa ndipo watu wa Dar tunapoumia. Joto likivuka nyuzi 21 hivi kiinitete kinaanza kukua polepole, halafu kinadhoofika kabla hata hujakiweka kwenye mashine. Chumba chetu cha bati mchana kiko nyuzi 30. So weka mayai sehemu yenye baridi kuliko zote ndani ya nyumba, ncha nyembamba ikiangalia chini. Beseni la mchanga uliolowanishwa chini ya trei linasaidia sana.

2. JOTO
Mashine yenye feni inatakiwa nyuzi 37.5. Isiyo na feni inatakiwa 38.3 hadi 38.8, ukipima usawa wa juu ya mayai, kwa sababu hewa ya moto inapanda juu na chini kunabaki baridi. Usiamini namba za kwenye kioo cha mashine. Nunua kipimajoto cha homa duka la dawa, kitumbukize kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu pamoja na kile cha mashine, ulinganishe. Vikitofautiana nyuzi moja, hiyo moja inatosha kukumaliza.

Wanaojitengenezea boksi la balbu wakumbuke: balbu za LED hazitoi joto la maana. Inatakiwa ile ya zamani ya waya.

3. UNYEVU
Yai linapokaa kwenye joto linapoteza maji, na ile nafasi ya hewa upande mnene inakua. Kifaranga anaihitaji hewa hiyo siku ya kutoka. Siku 18 za mwanzo unyevu uwe asilimia 50 hadi 55, siku tatu za mwisho 65 hadi 70. Unapatikana kwa sahani ya maji, na kinachohesabika ni upana wa maji, kina hakina kazi.

Mtu wa Dar, Tanga au Unguja hewa yake tayari ina unyevu mwingi, sahani ndogo inamtosha. Mtu wa Dodoma au Singida akiiga sahani hiyohiyo mayai yatakauka. Kwa hiyo ukisoma maelekezo ya mtu, uliza kwanza yuko wapi.

4. KUGEUZA
Mwangalie kuku anayelalia, kila mara anasukuma mayai kwa mdomo. Asipofanya hivyo kiinitete kinaganda upande mmoja wa ganda na kufa. Kama mashine haigeuzi yenyewe, weka alama ya X upande mmoja na O mwingine kwa penseli, geuza mara 3 au 5 kwa siku. Hesabu isiyogawanyika kwa mbili inafanya usiku, ambao ndio mrefu, usiangukie upande uleule kila siku. Siku ya 18 acha kabisa, kifaranga anajipanga kutoka.

5. KUMULIKA (USIRUKE HAPA)
Siku ya 7 usiku, chukua tochi ya simu, kunja karatasi ngumu ibaki na tundu dogo, mulika yai upande mnene. Utaona moja kati ya haya:

- Mishipa myekundu kama miguu ya buibui: mzima, endelea.
- Yai jeupe tupu: halikuwa na mbegu. Kosa liko kwenye banda ulikonunua.
- Duara la damu bila mishipa: lilianza likafa. Angalia jinsi ulivyolihifadhi, au joto la siku za mwanzo.

Toa mabovu, na uandike idadi kwenye daftari. Mulika tena siku ya 14 na ya 18.

Jirani yangu mmoja aliweka mayai 60, akamulika, 31 yakawa meupe tupu. Aliyemuuzia mayai alianza ubishi, ila alipoonyeshwa yai moja moja kwa tochi alikaa kimya na nusu ya pesa ikarudi. Bila tochi angesubiri siku 21 kisha ailaumu mashine.

Na lile yai ambalo kifaranga amekamilika lakini kafia ndani mwishoni? Mara nyingi hilo ni suala la unyevu, hewa, au kutogeuza. Hapo sasa ndio ujiangalie mwenyewe au mashine yako.

6. SIKU TATU ZA MWISHO
Kifaranga anatoboa kwanza nafasi ya hewa, halafu ganda. Kutoka tundu la kwanza mpaka kutoka mzima inaweza kuchukua saa 12 hadi 24. Usifungue mashine kuchungulia na usimbandue ganda kumsaidia. Bado anavuta damu ya mishipa na kiini cha njano kuingia tumboni, ukimharakisha anatoka damu. Kile kiini ndicho chakula chake cha siku mbili za mwanzo, mwache akauke humohumo.

7. UMEME UKIKATIKA
Usipaniki. Kuku naye huacha mayai dakika 15 hadi 20 kila siku akatafute chakula. Usifungue mashine, ifunike blanketi ukiacha matundu ya hewa wazi. Ukiona giza linaendelea, weka ndani chupa za maji ya moto zilizofungwa kitambaa. Yai linavumilia kupoa kidogo kuliko kuzidishiwa moto. Nyuzi 40 kwa saa kadhaa ni msiba.

8. WAKISHATOTOLEWA
Wiki ya kwanza wanataka nyuzi 32 hadi 35, kisha punguza kama nyuzi 3 kila wiki. Wakijibana pamoja wana baridi, wakikimbia taa wana joto. Na usisahau chanjo ya kideri. Ile ya matone ya jicho ni bei ndogo, na kideri kikiingia kinaweza kufagia banda zima.

TUJE KWENYE HESABU
Hakuna mashine ya asilimia 100, anayekuambia hivyo ni msanii. Tuseme mayai 60, yenye mbegu 50. Ukipata vifaranga 40 umefanya kazi nzuri sana. Piga hesabu kwa 40, toa umeme, chakula na chanjo, ndipo uamue kukopa au kuacha.

Ushauri wangu kwa asiye na mtaji: anza na kuku wa kienyeji anayelalia, mpe mayai 10 hadi 12. Joto, unyevu na kugeuza anafanya mwenyewe bure, hata Tanesco haimhusu. Wewe mulika siku ya 7, andika daftarini, jifunze kutofautisha yai zima na yai viza. Ukimaliza raundi mbili hivyo, nenda kanunue mashine ukiwa unajua cha kuuliza.

Mwenye swali au aliyewahi kutotolesha mikoani aweke maoni hapo chini, ataje na mkoa wake. Wa nyanda za baridi, Njombe na Mbeya, nyie mnafanyaje na joto? Tupeni data.