Rafiki Aliyesema

Wanaume wanne wa Boston walikwama pamoja ndani ya lifti, na walipotoka walikuwa wamekwisha kuwa marafiki. Tangu hapo wakawa wanakwenda pamoja kutazama hoki ya barafuni ikichezwa na timu ya Bruins. Kisha Jon, ambaye wenzake walimwona amefanikiwa kuliko wote, akajiua. Ndivyo inavyoanza A Million Little Things, tamthilia ya Marekani iliyotungwa na DJ Nash na kuonyeshwa na televisheni ya ABC kuanzia Septemba 2018 hadi Mei 2023, kwa misimu mitano. Sifa yake kubwa ni kuliza watazamaji. Inaliza kweli, ila naona wengi wetu humlilia asiyekuwa kiini cha hadithi. Kifo cha Jon ndicho kinachofungua kisa, lakini anayeipa tamthilia hii uzito ni Rome, mwenzake ambaye pia alikuwa karibu kujitoa uhai siku ileile, simu ikaita kumpa habari za msiba, akabaki hai.

Rome ana mke anayempenda, ana kazi ya kuongoza matangazo ya biashara, na ana sonona ambayo hakuna anayeijua. Tamthilia nyepesi ingemponya kwa simu ile moja. Hii haifanyi hivyo. Inamtaka aseme, na kusema kwenyewe kunamwia vigumu: anaanza kwa marafiki, na inachukua vipindi kadhaa kabla hajamwambia mkewe, Regina. Hapo ndipo waandishi walipoielewa aibu ya mwanamume mgonjwa, kwamba anamwogopa zaidi yule anayelala karibu naye, maana ndiye atakayeumia zaidi. Baadaye anatumia dawa, anaonana na mtaalamu, na bado siku mbaya zinamrudia. Ni kazi ya kila siku, na tamthilia ina subira ya kutuonyesha hivyo.

Kwa kazi kama hiyo hadithi ya mtu mmoja isingetosha, ndiyo maana kuwa na kundi la wahusika ni jambo la msingi hapa. Gary, mwingine wa wale wanne, amepona saratani ya matiti, ugonjwa unaompata mwanamume kwa nadra, takriban mgonjwa mmoja kati ya mia. Katika kikundi cha wagonjwa anakutana na Maggie, ambaye ni mtaalamu wa saikolojia. Yeye saratani imemrudia, na mwanzoni anakataa tiba. Eddie, wa nne wao, ameacha pombe, huku akiwa amemsaliti mkewe, Katherine, kwa uhusiano na Delilah, mke wa Jon. Hakuna aliyepewa cheo cha kudumu cha msaidizi. Anayebembeleza leo, kesho ndiye anayebembelezwa, na mara nyingine yeye mwenyewe ndiye aliyemjeruhi mwenzake.

Kuna wanaosema kujiua kusionyeshwe kabisa kwenye televisheni. Hofu yao ina msingi. Tamthilia ya 13 Reasons Why ya mwaka 2017 ilikosolewa vikali na wataalamu wa afya ya akili, na Julai 2019 Netflix iliondoa picha za kujiua kwenyewe. Lakini utafiti wa Austria uliochapishwa mwaka 2010, uliochambua mamia ya habari za magazeti, uligundua kwamba habari za mtu aliyefikia ukingoni akapata namna ya kustahimili ziliambatana na kupungua kwa vifo vya aina hiyo. Magazeti si tamthilia, na kuambatana si kusababisha. Hata hivyo, utafiti huo unatuelekeza kwa Rome. Katika kifo cha Jon kamera inaondoka kabla ya tendo lenyewe. Kwa Rome inakaa, msimu baada ya msimu.

Lawama ninayoikubali ni ya fumbo. Msimu wa kwanza unatumia muda mwingi mno kuuliza Barbara Morgan ni nani na Jon alificha nini, kana kwamba siri moja ikifichuliwa itaeleza kwa nini mtu amejiua. Haielezi, na waandishi walijua hivyo. Ama lile la kwamba misiba imezidi kwa kundi dogo kiasi hicho, halinisumbui sana, kwa kuwa misiba hiyo ndiyo inayowalazimisha wahusika kubadilishana zamu za kusaidia. Mwishoni Gary, saratani ikiwa imemrudia na kumfikia mapafuni, anawaomba rafiki zake wamsaidie kufa. Watazamaji wengi wa kwetu, Waislamu kwa Wakristo, hawatalikubali ombi hilo, na wana haki. Lakini hata anayelikataa ataona tofauti: Jon hakumwambia yeyote, na Gary hakumficha yeyote, wenzake wakabishana naye na kulia naye wakati bado anawasikia.