Maandishi ya Njiani na Maana Yake

Mtu ajuaye kusoma hasafiri peke yake. Njia nzima husema naye: mbao za barabarani, milango ya maduka na kuta za nyumba. Leo twapenda kuyatazama maandishi machache yawachekeshayo wasafiri wajao kwetu Michenga na Ifakara, tupate kujua sababu yake.

Msafiri atokaye Morogoro hupita kwanza katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Huko ataona ubao wenye majina ya wanyama, na mbele ya kila jina kiasi cha fedha. Mgeni hudhani ni bei, kana kwamba twiga huuzwa kama sukari. Sivyo. Hiyo ni faini ya dereva atakayemgonga mnyama huyo. Asiyemhurumia mnyama huenda akauhurumia mfuko wake.

Karibu na Mang'ula, tembo huvuka bonde kati ya milima ya Udzungwa na Hifadhi ya Nyerere. Tembo hajui kusoma; kwa hiyo yeye hakuandikiwa ubao, bali alijengewa njia ya kupita chini ya barabara.

Ingia sasa dukani, usome: "Leo kwa fedha, kesho kwa mkopo." Ukirudi kesho, ubao ni ule ule, na siku hiyo nayo huitwa leo. Hivyo mwenye duka amekunyima mkopo bila kugombana nawe.

Lakini andiko limshangazalo mgeni kuliko yote ni lile la ukutani: "Nyumba hii haiuzwi." Mgeni hucheka akauliza, "Kwani nani amesema yauzwa?" Mwenye nyumba hacheki. Wako matapeli ambao humwonyesha mnunuzi nyumba isiyo yao, wakapokea fedha, wakatoweka. Pengine muuzaji si mgeni, bali ni ndugu mmoja auzaye urithi wa wote, au mume auzaye nyumba kwa siri, mkewe asijue. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 59, yakataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Lakini sheria imo kitabuni, na mnunuzi yuko mlangoni. Ndiyo sababu watu hutwaa rangi na brashi, ukuta useme mapema, kabla fedha hazijatoka mkononi na kesi haijafika barazani.

Basi, atakaye kununua nyumba au shamba asimsikilize muuzaji peke yake. Na awaulize majirani wa pande zote, mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa, na jamaa wote wenye haki katika mali hiyo. Wala asidanganyike kwa ukuta mtupu: nyumba isiyoandikwa neno si lazima iwe yauzwa.