Kila Kamera Ina Kinachotupwa

Alfajiri, daraja la Westminster jijini London halina mtu. Anapita kijana mmoja tu aliyevaa nguo za hospitali, na nyuma yake mnara wa Big Ben umesimama kimya kama mali isiyo na mwenyewe. Waliotazama filamu ya 28 Days Later ilipotoka mwaka 2002 walijiuliza mwongozaji Danny Boyle aliwezaje kuufunga mji kama ule. Hakuufunga. Magari yalizuiwa kwa dakika chache tu kulipokucha, na mpiga picha wake, Anthony Dod Mantle, ilimbidi amalize kazi kabla madereva hawajaanza kupiga honi. Kamera kubwa ya filamu ingekuwa bado inafungwa kwenye stendi. Basi wakatumia Canon XL1, kadhaa kwa mpigo, kamera zinazorekodi kwenye kanda ndogo za DV. Ni jamii ile ile ya kamera ambayo miaka hiyo wapiga video wa harusi waliibeba kila Jumamosi.

Kama kamera ya harusi inaweza kutengeneza filamu ya kuonyeshwa dunia nzima, kwa nini kuna kamera zinazouzwa kwa bei ya nyumba? Mnunuzi dukani huangalia lenzi, huangalia umbo, kisha macho yake hutua kwenye kibandiko kilichoandikwa 4K. Lakini tofauti kubwa imejificha pasipoonekana: namna kamera inavyoiandika picha baada ya kuiona.

Hebu tupige hesabu. Picha moja ya HD kamili ina pikseli 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, yaani zaidi ya milioni 2. Kila pikseli inataka namba tatu: ya nyekundu, ya kijani na ya buluu. Kila namba ikiandikwa kwa biti 8, picha moja inakula zaidi ya megabaiti 6. Zidisha kwa picha 25 za kila sekunde, ambao ndio mwendo wa televisheni za Afrika Mashariki, na dakika moja inapita gigabaiti 9. Harusi ya saa nne ingemeza zaidi ya gigabaiti 2,200 kabla keki haijakatwa vizuri. Ndiyo maana karibu kila kamera hubana picha, na kwa kawaida kubana maana yake ni kutupa.

Cha kwanza kutupwa ni rangi. Jicho la binadamu ni hodari wa kutambua mwanga na kivuli, ila kwenye rangi hudanganyika kirahisi. Wahandisi wakaitumia hila hiyo: mwanga wa kila pikseli unaandikwa, lakini rangi inaandikwa kwa pikseli chache tu na jirani zake wanaazima. Fomati iitwayo 4:2:2 hubakiza nusu ya taarifa za rangi. 4:2:0 hubakiza robo. Ukitazama nyumbani huwezi kuona upungufu wowote. Mwite sasa mhariri anayetaka kumwondoa mtangazaji kwenye pazia la kijani na kumweka mbele ya ramani ya hali ya hewa. Kwa 4:2:2 nywele zinakatika safi. Kwa 4:2:0 kingo za kichwa zinameng'enyuka na ukijani unabaki masikioni.

Cha pili ni picha zenyewe. Fomati nyingi haziandiki picha 25 kamili kwa sekunde. Zinaandika moja kamili, kisha zinaeleza tu kilichobadilika hadi picha kamili inayofuata. Hivyo ndivyo HDV, iliyotangazwa mwaka 2003, ilivyofaulu kuingiza HD kwenye kanda ile ile ya DV kwa megabiti zile zile 25 kwa sekunde. Mzee akihutubia ukumbini, mbinu hiyo haina kasoro, kwa sababu ukuta uliopo nyuma yake hauendi popote. Wapige sasa vijana wanaojirusha baharini pale Forodhani, Zanzibar. Maji yanaruka kila upande, hakuna tone lililo pale lilipokuwa, na kamera inaishiwa nafasi ya kueleza mabadiliko yote. Povu linageuka vijisanduku. Vituo vya televisheni vililijua tatizo hilo mapema. EBU, muungano wa watangazaji wa Ulaya, ulipendekeza angalau megabiti 50 kwa sekunde kwa kamera za HD zinazotumia mbinu hii, na 100 kwa zile zinazoandika kila picha peke yake.

Kundi hili la pili lina faida nyingine inayowafurahisha wahariri. Fomati ya ProRes ya Apple, iliyotoka mwaka 2007, huandika kila picha ikijitegemea, kwa hiyo kompyuta haina haja ya kutafuta picha ya jirani ndipo ijue hii ikoje. Faili ni kubwa mno, lakini hata kompyuta ya kawaida inalikata bila kukwama.

Cha tatu ni hatua za mwanga. Biti 8 hutoa ngazi 256 kwa kila rangi, biti 10 hutoa 1,024. Mtu anaweza kudhani 256 ni nyingi, mpaka apige anga la magharibi jua linapozama, kisha ajaribu kuongeza wekundu kidogo kwenye kompyuta. Anga lililokuwa laini linatoka mistari mistari kama ngazi za msikiti.

Kibandiko cha 4K hakisemi lolote kuhusu mambo haya matatu, wala kuhusu namna kamera inavyoshika mwanga mkali na kivuli kwa pamoja. Mfano mzuri ni Alexa, kamera ambayo kampuni ya ARRI ya Munich iliitoa mwaka 2010. Mpinzani wake, RED One, alikuwa amefika sokoni tangu 2007 akijivunia 4K. Alexa ilikuwa na pikseli 2,880 tu kwa upana, lakini iliweza kushika kanzu nyeupe juani na uso ulio kivulini kwa pamoja bila kupoteza kimoja. Martin Scorsese aliitumia kwenye Hugo, na filamu hiyo ikapata tuzo ya Oscar ya upigaji picha mwaka 2012. Baadaye Netflix ikaweka sharti kwamba vipindi vyake vipigwe kwa kamera za 4K, na Alexa ile ya kwanza ikabaki nje ya mlango ikiwa na Oscar mkononi.

Dod Mantle naye hakukaa kwenye DV. Alikwenda Uganda kupiga The Last King of Scotland, iliyotoka 2006, akarudia mkanda wa filamu. Kisha kwa Slumdog Millionaire akaingia vichochoro vya Mumbai na SI-2K, kamera ndogo ambayo kichwa chake kilitengana na mwili na kuunganishwa kwa waya na kompyuta iliyobebwa mgongoni. Mwaka 2009 alipata Oscar kwa filamu hiyo, ambayo sehemu yake kubwa ilipigwa kidijitali.

Kanda nazo zilikuwa zinaaga, na tetemeko lililoipiga Japani Machi 2011 likazisukuma. Kiwanda cha kanda cha Sony karibu na Sendai kiliharibika, kanda za HDCAM SR zikaadimika, na studio zilizokuwa zikisitasita zikahamia kwenye kadi na diski. Jambo moja lilipotea hapo bila kuagwa. Kanda ilikaa kwenye droo miaka na miaka. Kadi hunakiliwa, hufutwa, na Jumamosi ijayo inarekodi harusi ya mtu mwingine. Asiye na nakala mbili hana harusi.

Mwaka 2025 Boyle na Dod Mantle walirudi na 28 Years Later, mwendelezo wa 28 Days Later, na sehemu kubwa yake wakaipiga kwa simu za iPhone 15 Pro Max. Simu hiyo inaweza kurekodi ProRes ya 4K, na kwa makadirio ya Apple dakika moja inachukua takriban gigabaiti 6. Saa nzima ya DV ilichukua kama 13.

Ile filamu ya kwanza haiwezi tena kuongezwa chochote. Lawrence of Arabia, ya mwaka 1962, ilipigwa kwenye mkanda mpana, na mwaka 2012 ilirejeshwa kwa 4K ikang'aa, kwa kuwa maelezo yote yalikuwa bado yamo kwenye mkanda. London ya 28 Days Later ina mistari 576 iliyoandikwa na XL1. Ukiiweka kwenye televisheni kubwa ya leo, daraja lile bado lina ukungu na chengachenga, hadi sehemu za mwisho kabisa, ambazo Dod Mantle alizipiga kwa mkanda wa milimita 35. Hapo ghafla majani ya vilimani yanahesabika.