Quanzhou: bandari iliyojengwa na forodha

Mwaka 1974 tope la Ghuba ya Quanzhou, katika mkoa wa Fujian kusini mashariki mwa China, lilifukuliwa na kutoa mabaki ya marekebu ya miaka ya 1270. Kiunzi kilichosalia kina urefu wa mita 24 hivi, na tumbo lake limegawanywa vyumba 13 kwa kuta za mbao, ili kimoja kikitoboka vingine visijae maji. Humo mlikuwamo zaidi ya kilo 2,000 za mbao za manukato, pamoja na pilipili manga, ubani, ambari, magamba ya kasa na kauri. Anayetaka kujua mji huu uliishi kwa biashara gani asome shehena hiyo.

Waarabu waliuita Zaitun. Marco Polo aliandika kwamba kwa kila meli moja ya pilipili iliyokwenda Aleksandria, mia zilifika hapa. Ibn Battuta, aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alifika huko miaka ya 1340 na kuihesabu miongoni mwa bandari kubwa kabisa duniani.

Watu husifu pepo za misimu, zilizopeleka vyombo kusini wakati wa baridi na kuvirudisha kiangazi. Lakini pepo hizo zilivuma pwani yote ya Fujian. Kilichoitofautisha Quanzhou ni forodha. Hadi mwaka 1087 wafanyabiashara wake walilazimika kufuata vibali katika bandari nyingine. Mwaka huo utawala wa Song ukafungua ofisi ya biashara ya bahari mjini humo. Ofisi ilitoa vibali, ikakagua mizigo na kutoza ushuru kwa bidhaa zenyewe: kwa kawaida moja ya kumi kwa bidhaa bora, ingawa kiwango kilipanda na kushuka. Baadhi ya bidhaa serikali ilizinunua yenyewe kwa bei iliyoipanga. Ulikuwa mzigo, lakini nakhodha alijua mapema atakatwa nini. Song ilipopoteza nchi ya kaskazini mwaka 1127, mapato ya bahari yakawa na thamani zaidi kwa hazina.

Nyuma ya gati kulikuwa na uzalishaji: kaure ya Dehua, chuma cha Anxi, hariri. Daraja la Luoyang, lililojengwa kati ya 1053 na 1059, liliunganisha mji na barabara ya kaskazini. Mafundi walifuga chaza kwenye misingi yake ili magamba yashikamanishe mawe. Na maofisa walijua mizigo inatoka wapi. Zhao Rugua, msimamizi wa biashara ya bahari, alikusanya habari za wafanyabiashara katika kitabu chake cha 1225, na humo aliitaja pwani yetu kwa jina la Cengba, akiorodhesha pembe za ndovu, dhahabu, ambari na msandali. Ofisa mwenye bidii ya namna hiyo ni rasilimali ya bandari sawa na kina cha maji.

Anguko lilitoka kwa watu pia. Kati ya 1357 na 1366 uasi wa askari Waislamu uliuvuruga mji, na ulipozimwa wageni wengi waliuawa au wakakimbia. Kisha utawala wa Ming ukapiga marufuku biashara binafsi ya baharini mwaka 1371. Mchanga nao ulikuwa ukijaa bandarini, lakini mchanga huchimbwa. Marufuku ya mfalme haichimbiki. Katika miaka ya 1470 ofisi yenyewe ilihamishiwa Fuzhou, na baadaye Xiamen ikachukua biashara kubwa.

UNESCO ilipouingiza mji katika Urithi wa Dunia mwaka 2021, maeneo 22 yaliyotajwa yalijumuisha magofu ya ofisi hiyo, tanuri za Dehua na mahali pa kuyeyushia chuma, sambamba na msikiti na mahekalu. Ulikuwa uamuzi sahihi, kwa kuwa baadhi ya ibada hizo zililetwa na biashara. Quanzhou haijarudi kuwa bandari kuu ya China. Utajiri wake wa leo unatoka viwandani, hasa viatu na nguo za michezo za Jinjiang, mji ulio chini ya Quanzhou, ilikoanzishwa kampuni ya Anta mwaka 1991.