KUVU KATIKA NYUMBA MPYA YA UDONGO

Huku kwetu milimani Kivu watu wengi wanajenga kwa miti, matete na potopoto. Mara nyingi mvua inaanza nyumba ikiwa haijakauka. Baada ya siku chache ukuta unaota kitu cheupe, kijani ao cheusi, chenye harufu mbaya. Hiyo ni kuvu.

Kuvu ni nini?
Ni kitu chenye uzima, cha jamii moja na uyoga. Mbegu zake ndogo sana zinaruka katika hewa kila mahali. Inahitaji maji na chakula. Udongo wenyewe si chakula chake. Inakula majani makavu tuliyochanganya na potopoto, hata matete na miti. Majani hatuwezi kuyaacha, sababu yanazuia ukuta usipasuke. Basi, tuondoe maji.

Inaleta ugonjwa gani?
Inawasha macho na pua, inaleta kikohozi. Mwenye pumu anakosa pumzi. Haileti kifua kikuu. Lakini mtu akikohoa majuma mawili ao zaidi, asiseme, «Ni kuvu tu.» Aende hospitali wapime makohozi yake.

Namna ya kujenga
1. Weka msingi wa mawe, chimba mfereji wa kupitisha maji.
2. Ezeka kwanza, kisha kandika. Paa litokeze mbele ya ukuta.
3. Kandika tabaka nyembamba. La kwanza likauke, ndipo uweke la pili.
4. Acha milango na madirisha wazi mchana, upepo upite.
5. Usipake rangi ya mafuta wala simenti juu ya udongo mbichi. Maji yatafungwa ndani na miti itaoza.

Ukuta uliokauka rangi yake imepauka, na mkono hausikii baridi ya maji.

Kama kuvu imekwisha kuota
Funika pua na mdomo kwa kitambaa. Usifagie kuvu kavu, sababu mbegu zitaruka. Ipanguse kwa kitambaa chenye maji kidogo ya sabuni, kisha choma kitambaa hicho. Ukuta ukikauka, paka chokaa; kuvu haipendi chokaa. Linda macho, chokaa inaunguza.

HATARI!
Wengine wanafunga nyumba na kuwasha mbabula ya makala ili ukuta ukauke upesi, nao wanalala humo. Makala yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Jamaa nzima inaweza kufa usingizini. Usifanye hivyo hata usiku mmoja.

Ukilazimika kuhamia mapema, weka kitanda mbali na ukuta, na watoto walale katika chumba kilichokauka zaidi. Mtoto akipumua mbio, ao kifua kikiingia ndani akivuta pumzi, mpeleke hospitali siku ileile.

Kungojea majuma machache kunachosha. Lakini nyumba ni ya kulinda uzima, si ya kuuharibu.