Papa Afike Pwani na Mapezi Yake

Kwetu pwani papa hatupwi. Nyama hukaushwa ikawa ng'onda, ini hutoa sifa ya kupaka madau, na mapezi huuzwa kwa tajiri wa kuyapeleka ng'ambo. Kumbe huko bahari kuu kuna meli zinazofanya kinyume: papa anakatwa mapezi tu, mwili unatupwa majini, mara nyingi angali hai. Hawezi kuogelea tena. Anazama, anakufa.

Kwa nini? Ni hesabu ya nafasi. Mapezi hupikwa supu ya karamu huko Hong Kong na China, na bei yake ni kubwa. Nyama bei yake ni ndogo, halafu inajaza mahali ambapo mwenye meli angeweka jodari.

Mwaka 2005 tume ya jodari ya Bahari ya Hindi (IOTC), ambayo Kenya ni mwanachama, iliweka sharti: uzito wa mapezi melini usipite asilimia 5 ya uzito wa papa. Wajanja wakapata mlango. Tuseme meli ina kilo 10,000 za papa. Inaruhusiwa kilo 500 za mapezi. Ikiwa mapezi halisi ya papa hao ni kilo 300 tu, hizo 200 zaweza kuwa za papa waliotupwa, na mkaguzi na mizani yake haoni kosa! Tena pezi likishatoka mwilini, si rahisi kujua lilikuwa la papa gani.

Ndiyo maana likaja sharti lingine: pezi libaki mwilini mpaka papa ateremshwe. Nchi za Umoja wa Ulaya zililipitisha mwaka 2013. IOTC ililikubali mwaka 2017, lakini kwa papa wabichi tu. Waliogandishwa wakaachwa kwenye ile asilimia 5. Kwa maoni yangu huko kulikuwa kufunga mlango na kuacha dirisha wazi.

Sasa, tusiseme hayo ni ya meli kubwa. Papa hazai kama dagaa. Papa pingusi, yule wa kichwa cha nyundo, hubeba mimba karibu mwaka mzima, na huchukua miaka mingi kabla ya kuzaa mara ya kwanza. Hata akiletwa mzima na mapezi yake, twaweza kummaliza. Waulizeni wazee wa majarife na mama karanga kama papa wanaoletwa leo wanalingana na wa zamani.

Na tajiri wa mapezi naye aulizwe kibali. Chini ya mkataba wa CITES, mapezi ya pingusi hayatoki nchini bila kibali tangu 2014, na tangu Novemba 2023 jamii nyingi zaidi za papa zimeingizwa humo.

Kwenye mkutano wa BMU ombeni jambo moja kwanza: papa apimwe na aina yake iandikwe kitabuni kabla kisu hakijamgusa. Mchanga akinaswa angali hai, arudishwe majini. Najua ni vigumu karo ikidaiwa, kwa hiyo lizungumzeni kikundi kizima, asiachiwe mvuvi peke yake.